Tumetimia

Dorine aliwaogopa tumbili kuliko nyoka, na hilo halikuwa jambo la kuchekwa ingawa watu walilicheka. Akiwa msichana mdogo kwao Ndanai alipewa kazi ya kulinda mahindi ya baba yake, na siku moja dume la tumbili, badala ya kulikimbia jiwe, lilimkimbilia yeye. Lilimng'ata chini ya kidole gumba mpaka jino likagusa mfupa. Alishonwa, akadungwa sindano, akapona. Lakini kuna kupona kwa ngozi na kuna kupona kwa moyo, na moyo wa Dorine ulikataa katakata. Mpaka leo, mwanamke mzima mwenye mume na darasa lake la chekechea, akisikia tawi likitikisika juu ya kichwa chake huubana mkono ule kwapani.

Sasa hebu fikiria wazee wa kanisa walipoamua kwamba watoto wa shule ya Jumapili watatembezwa Kericho, kwenye Bustani ya Miti, mahali ambapo tumbili wanazunguka huru na kuwachezea wageni mpaka mifukoni. Mwalimu wa watoto ni Dorine. Angesema nini? Kwamba anaogopa mnyama asiyemfika gotini? Akatabasamu, akasema ni wazo zuri. Adabu nayo imewaponza wengi.

Siku ya safari watoto walikusanyika Chepilat, kando ya soko, penye basi la kukodi. Chepilat ni soko la mpakani, Wakipsigis upande huu na Wakisii upande ule. Mwaka ukiwa mzuri, ndizi zinavuka kuja upande huu na maziwa yanavuka kwenda upande ule, na hakuna anayekuuliza jina la baba yako. Mwaka ukiwa mbaya, watu hukumbuka ghafla mpaka uko wapi. Huo ulikuwa mwaka mzuri, na watu waliutunza kama anayebeba mayai.

Nyambeki, muuza ndizi, alikuwa wa ng'ambo, upande wa Nyamira. Alikodi chumba nyuma ya soko, mumewe Sagini akichuma majani chai huko mashambani Kericho na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mtoto wao alikuwa mmoja, Velma, wa miaka sita. Wawili waliomtangulia walizikwa wakiwa wachanga. Katika darasa la Jumapili la Dorine, Velma ndiye pekee wa kutoka ng'ambo. Alikuwa mtoto mkimya, wa kukaa mwisho wa benchi, na alikuwa amejifunza sala za Kikipsigis bila kumsumbua mtu amweleze maana.

Asubuhi hiyo Nyambeki alimleta kwa mkono. Wenzake sokoni walikuwa wamemsema tangu juzi: unampa mtoto wako hao watu wampeleke msituni? Maneno yalikuwa yamemwingia, na Dorine aliyaona usoni mwake.

"Mwalimu, huyu ndiye niko naye," Nyambeki alisema, akimfunga mtoto vifungo vya sweta ya zambarau aliyoifuma mwenyewe. "Sina mwingine."

"Mama Velma, usiwe na wasiwasi. Nitakurudishia mkononi mwako. Mimi mwenyewe, si mtu mwingine."

Nyambeki akachomeka ndizi mbili mbivu kwenye mfuko wa sweta. "Usivue hii," akamwambia mtoto. "Kericho ni baridi."

Dorine akasimama mlangoni mwa basi, akanyoosha kidole. "Moja, mbili, ta—"

Kidole kikadakwa hewani. Aliyekidaka ni Tecla, mama mkubwa wa kanisa, ambaye wote, hata mchungaji, walimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo Tecla aliokoka zamani sana, akaacha pombe, akaacha ugoro, akaacha ugomvi, ingawa huo wa mwisho uliendelea kumtembelea mara kwa mara. Mila kadhaa hakuziacha.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nahesabu watoto, Kogo."

"Watoto wa watu? Kwani ni madebe ya mahindi? Shusha kidole. Ukihesabu watoto unamwonyesha yule mwovu achague yupi."

Dorine alikuwa amesomea ualimu, na chuoni walifundishwa kuhesabu watoto wakitoka na wakiingia. Lakini alikuwa pia binti wa nyumba ambayo mama akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wako, Mungu ametukumbuka," na kubadilisha mazungumzo. Akatazama akina mama waliosimama pale. Wote walikuwa wakimtazama yeye, na hakuna aliyekuwa upande wa chuo. Kidole kikashuka.

"Sikia vile tunafanya," Kogo akasema, sasa akiwa mpole kwa kuwa ameshinda. Kila mtoto alikuwa ametoka kwao na andazi moja. Wakipanda basi, kila mmoja alitie andazi lake kwenye beseni. Wakati wa kula, kila mmoja achukue moja. Likibaki andazi, kuna mtu hayupo, atafutwe. Yakiisha, tumetimia. "Hakuna amehesabiwa, na hakuna amesahaulika."

Na tusimwonee Kogo wa watu, ilikuwa njia nzuri. Akina mama wa kanisa walikuwa wameenda nayo mikutano na kurudi salama miaka mingi. Tatizo ni kwamba mikutanoni hakuna tumbili.

Bustani ya Miti ilipandwa na mzungu mmoja wa majani chai, siku hizo za wazungu, kwa miti ya nchi ambazo yeye mwenyewe labda hakuzifika. Ilikuwa imekua mpaka imefunga mbingu. Kutoka kwenye mashamba ya chai yanayong'aa kwa jua, unaingia getini na ghafla ni kama jioni. Majani makavu yalikuwa mengi chini, yakimeza sauti ya miguu. Upande wa kushoto mianzi ilisimama mikubwa, imesongamana. Mteremkoni, mbali kidogo, bwawa jeusi lilitulia bila hata kiwimbi. Juu kabisa mbega walikaa na manyoya yao meupe na meusi, kimya, kama wazee wa kanisa wanaosubiri mahubiri yaishe.

Kabla ya kuingia ndani, Kogo, ambaye kwake kila tumbili alikuwa nyani, aliwasimamisha watoto. "Sikieni. Nyani usimwangalie macho. Ukimwangalia macho anajua unataka vita. Na usipige kelele. Ukipiga kelele wanakuja wote. Nyamaza, angalia chini, atapita."

Tumbili walikuja. Walishuka kwenye vigogo taratibu, na sura zao nyeusi, na vidole vyao vinavyofanana mno na vya watu. Watoto walifurahi ajabu, wakisahau papo hapo kila walichoambiwa. Dorine alicheka nao kwa sauti isiyokuwa yake. Mkono wake ulikuwa kwapani. Kila alipogeuka, palikuwa na jozi nyingine ya macho mahali ambapo sekunde iliyopita palikuwa na majani tu. Ngurumo ikasikika upande wa Bureti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Dorine alimshukuru Mungu kwa mvua inayokuja kuharibu matembezi.

"Kogo, tuwalishe watoto tuondoke," akasema.

Kogo akaweka beseni kwenye uwanja mdogo wa nyasi, akafungua leso iliyolifunika.

Harufu ya maandazi ilitoka, na matawi yakamwaga tumbili. Hakuna neno lingine. Walianguka kutoka kila upande, wakilia, wakikanyaga migongo ya watoto, na watoto wakatawanyika huku wakipiga mayowe, huyu njia ya choo, huyu nyuma ya mti, huyu anamkumbatia dereva kiunoni. Dorine alisimama pale pale. Alitaka kufanya kitu na miguu ikakataa. Kogo Tecla, Mungu ampe maisha marefu, alijilaza kifudifudi juu ya beseni na kupiga mwavuli wake kushoto na kulia akitaja damu ya Yesu. Dume moja kubwa, lenye sikio lililochanika, liliingiza kichwa chini ya kwapa lake, likatoka, likakimbia kuelekea kwenye mianzi. Dorine aliliona vizuri. Lilikimbia kwa miguu yote minne, mikono haijashika kitu.

"Hawajapata!" Kogo akainuka, kitambaa cha kichwa kikining'inia sikioni. "Hata moja! Nimewaona, wameenda mikono mitupu!"

Robert, dereva, akaanza kuwarudisha watoto, wengine kwa maneno, wengine kwa ukosi wa shati. Matone ya kwanza yalikuwa yakigonga majani juu. Dorine aliwapanga mstari, na sauti yake ilikuwa kali kwa hofu. Haraka. Mmoja mmoja. Chukua, enda. Mtoto wa mwisho akachukua andazi la mwisho, na kwenye kitako cha beseni likabaki ua jekundu tu lililochorwa kiwandani.

Dorine akaliinua beseni juu, akaligeuza, akalitikisa wote waone.

"Tumetimia!" akapaza sauti, na furaha iliyokuwa humo ilikuwa ya mtu anayeondoka. "Tumetimia! Twende!"

Je, aliwatazama? Aliwatazama. Lakini mtu mwenye hofu hutazama mlango kuliko anavyotazama chumba. Aliona vichwa, aliona masweta, aliona njia ya getini, na mguu wake ulikuwa tayari njiani.

Robert alikuwa ameshawasha gari nje ya geti wakati watoto wa upande wa kulia walipoanza kucheka.

"Mwalimu, ona! Nyani amevaa sweta!"

Dorine akainama dirishani. Juu ya nguzo ya geti, mvua ikilipiga, lilikaa lile dume la sikio lililochanika. Sweta ndogo ilikuwa imelizunguka shingoni, mkono mmoja umeingia nusu. Lilikuwa limekaa kama mzee anayengoja kuitwa ndani. Dorine naye akacheka, na kicheko hicho hajakisahau hata leo.

Kisha tumbili akakunja mkono, akajisukuma shavu kwa nje. Shavu lilikuwa limevimba. Kutoka ndani yake likachomoza tonge la andazi, akalitafuna, akajisukuma tena, likaja jingine.

Andazi lile lilikuwa la mtu. Na sweta ilikuwa ya zambarau.

"Velma," Dorine akasema. Kisha kwa nguvu: "Velma! Nani amekaa na Velma?"

Watoto wakageukiana. Msichana mmoja akajibu polepole, "Mimi nilifikiri amekaa mbele na wewe."

Dorine alifungua mlango kabla Robert hajazima gari. Nyuma yake alimsikia Kogo akishuka kwa kuanguka nusu, akisema, "Nilifunika, Dorine. Nilifunika na kifua changu." Robert alibaki kuwalinda wengine. Kipchirchir, mlinzi wa geti, aliposikia mtoto amebaki ndani hakuuliza jina wala umri. Aliuliza kitu kimoja.

"Alienda upande gani? Kwa sababu huko chini ni bwawa."

Hakuna aliyejua. Kipchirchir akashuka mbio kuelekea majini, na wanawake wawili wakaingia msituni.

"Velma! Velma, weee!"

Mvua ilijibu. Ilikuwa mvua ile ya Kericho isiyojua utani, na chini ya miti ile ilifanya giza juu ya giza. Waliita penye uwanja wa nyasi, wakaita nyuma ya vyoo, wakaita kwenye njia ya chini. Kila shina lilikuwa na umbo la mtoto mpaka walifikie. Kogo aliita kwa Kiswahili, akaita kwa Kikipsigis, akaomba, akaita tena. Tumbili wote walikuwa wamepotea, na kutowaona kulimtisha Dorine kuliko kuwaona.

Alijaribu kutofikiria bwawa, kwa hiyo akafikiria Chepilat. Aliona mlango wa basi ukifunguka. Watoto wanashuka, na Nyambeki anatazama nyuma ya kila mmoja, akifuta mikono kwenye leso, akitabasamu kidogo, akisubiri wa kwake. Wanashuka. Wanaisha. Robert anafunga mlango, na Nyambeki bado amesimama. Picha hiyo ilimfanya Dorine alie kwa sauti huku akikimbia, bila kuona aibu.

"Kuna kiatu!"

Ilikuwa sauti ya Kipchirchir kutoka chini. Dorine aliteremka akishika miti, akaanguka, akaamka. Ukingoni mwa bwawa Kipchirchir alikuwa ameshika kiatu kidogo cheusi cha kamba, kimejaa matope.

"Ni chake?"

Dorine aliitikia kwa kichwa. Akakaa kwenye tope. Kipchirchir alivua gamboti zake, akazipanga vizuri kando kama mtu anayeingia kwa watu, akachukua fimbo ndefu na kuingia majini. Maji yakamfika mapajani, yakamfika kiunoni. Alikuwa akichoma chini na fimbo, anachomoa, anasogea, anachoma tena. Kogo alijifunika uso kwa leso.

Ndipo Dorine aliposikia kelele. Hazikutoka majini. Zilitoka juu, upande wa mianzi, kelele fupi fupi za ugomvi anazozijua tangu utoto wake wa kulinda mahindi. Akainua macho. Vilele vya mianzi vilikuwa vikitikisika mahali pamoja tu, na kati ya mabua aliona migongo ya kijivu, mingi, imegeukia ndani.

Tumbili hakai kwenye mvua kutazama kitu cha bure. Miaka yote ile shambani, ukitaka kujua hindi bivu liko wapi, ulitazama wanakotazama wao. Na Velma alikuwa na ndizi mbili.

Akapanda mteremko. Hakumwambia mtu. Alipofika kwenye mianzi walimwona, na wachache wakageuka wakamwonyesha meno. Dorine akatazama chini. Akaingia katikati yao huku moyo ukimpiga masikioni. Mmoja alimvuta sketi. Mwingine alipita mgongoni mwake, na alihisi vidole vile, baridi, vikishika nywele zake na kuziachia. Alitaka kupiga kelele ambayo ingesikika Ndanai. Mianzi ilikuwa imefungana, haipenyeki kwa mkono mmoja, kwa hiyo akauchomoa ule mwingine kwapani na kuitenganisha.

Ndani, penye nafasi ya kutosha mbwa kulala, Velma alikuwa amechuchumaa. Alikuwa na kiatu kimoja. Blauzi ilichanika begani, na kwenye ngozi palikuwa na michirizi ya kucha. Mikono yote miwili aliibana kifuani, na kati ya vidole ndizi iliyopondeka ilikuwa ikitoka kama uji. Macho yake yalikuwa chini. Hakulia. Hata Dorine alipomwita, hakuinua uso.

"Velma. Ni mwalimu."

Mtoto akanong'ona, bila kuinua macho, "Niitupe?"

"Nipe mimi."

Dorine aliitupa ndizi mbali kadiri alivyoweza, na kundi zima likaondoka kwa kishindo kuifuata. Akamvuta mtoto, akambeba. Alikuwa baridi kabisa, na alikuwa amejikojolea. Dorine akavua kabuti lake na kumfunga nalo.

Kogo alifika akihema. Alipomwona mtoto alipiga kelele kuelekea bwawani, "Toka! Toka kwa maji! Yuko!" na kule chini Kipchirchir, akiwa majini mpaka kifuani, aliiachia fimbo ikaelea.

"Velma, tulikuita sana," Dorine alisema. "Kwa nini hukuitika?"

"Kogo alisema tusipige kelele."

Kogo akaweka kiganja mdomoni.

"Na wakati tunakula? Ulikuwa wapi?"

"Hapa." Mtoto alionyesha kwa kidevu. Kati ya mabua, karibu kuliko Dorine alivyotaka kuamini, uwanja wa nyasi ulionekana wote. "Nyani alinivua sweta. Kiatu kilitoka nikikimbia, nyani mwingine akaenda nacho. Nilikuwa nawaona mkikula. Nilitaka kukuja lakini wao walikuwa kwa njia." Akaongeza bila lawama yoyote, kama anayetoa jibu darasani, "Halafu ukasema tumetimia. Nikajua mimi siko kwa hao."

Katika basi hakuna aliyeimba. Velma alikaa mapajani mwa Dorine, amefungwa kabuti, macho wazi. Walipita Litein, wakapita Kapkatet, na maduka ya kwanza ya Sotik yakaonekana. Ndipo Kogo akainama sikioni mwa Dorine.

"Mtoto amepatikana. Basi. Maneno ya msitu yabaki msituni."

"Kogo, atauliza sweta."

"Sweta imechukuliwa na nyani. Si ni kweli? Ukimwambia hayo mengine, kesho soko lote limejua kwamba sisi tulimwacha mtoto wao. Wao. Unajua Chepilat, Dorine. Kitu kidogo tu."

Na Kogo hakuwa akisema uongo. Dorine alijua mwaka mbaya huanzia wapi. Huanza na ng'ombe mmoja, au matusi ya kilabuni, au mtoto. Aliogopa kusema. Lakini alimtazama yule mtoto mapajani mwake, aliyeamini neno moja la mwalimu wake akiwa peke yake kwenye mianzi, na akaona kwamba akinyamaza, Velma atabaki kulibeba neno hilo peke yake. Kumbuka ni mtoto wa miaka sita. Ataenda nalo wapi?

Chepilat, jua lilikuwa limeanza kutua. Nyambeki alikuwa amesimama hata kabla basi halijaegesha. Dorine alishuka wa kwanza, akavuka na Velma mpaka penye meza ya ndizi, akaushika mkono wa mtoto na kuuweka katika mkono wa mama yake, vile alivyoahidi.

Nyambeki alitazama kabuti la mtu mzima. Alitazama mguu usio na kiatu. "Sweta iko wapi?"

"Mama Velma, nilimsahau."

Akasema yote. Alisema beseni na kidole kilichoshuka, akasema mstari na andazi la mwisho, akasema kiatu cha bwawani. Alipofikia pale alipoinua beseni na kutangaza, alilitaja neno lenyewe, akasema mtoto alikuwa akilisikia. Aliongeza kwamba kama si nyani kukaa juu ya geti, wangefika hapa bila yeye na wasingejua. Wauza nyanya wa meza za jirani walikuwa wameacha kufunga mizigo. Mtu akasimama karibu na bega la Dorine, na Dorine akajikunja akitarajia kofi. Alikuwa Kogo Tecla. Alisimama tu pale, mwavuli wake uliopinda mkononi.

Nyambeki alichuchumaa mbele ya mwanawe, akamuuliza jambo kwa Kikisii. Velma akajibu kwa maneno machache. Nyambeki akalifunua kabuti, akaona bega. Kisha akafungua leso yake kiunoni, akambeba mtoto mgongoni kama mchanga, miguu mirefu ikining'inia, akaondoka kwa njia ya nyuma ya soko. Hakugeuka. Ndizi zake alizoletewa asubuhi, mikungu mizima na vichane, aliziacha mezani.

"Twende," Kogo alinong'ona. "Twende sasa hivi."

"Siwezi kuacha mali yake hivi."

Dorine akaketi kwenye kreti ya Nyambeki. Kogo alisita, akawapeleka watoto waliobaki kwa mama zao. Wateja walikuja, Dorine akawaambia mwenyewe hayupo. Mwanaume mmoja alisimama mbali akimtazama, akaongea na wauza nyanya kwa lugha yao, na wote wakamtazama tena. Hakuna aliyemsemesha. Kila kivuli kilichotoka kwenye ile njia ya nyuma alikitazama mpaka kikapita. Maduka yaliwasha taa. Angeweza kuondoka, pikipiki zilikuwa pale pale. Alikaa.

Nyambeki alirudi peke yake. Alisimama mbele ya meza.

"Bado uko?"

"Niko."

Nyambeki akaanza kufunika vichane kwa gunia. Dorine aliinuka kumsaidia, na hakukatazwa.

"Amelala?"

"Amekataa kulala. Ananiuliza kitu."

"Kitu gani?"

"Kama Jumapili atakuwa kwa hao wa kutimia."

Dorine alishika ukingo wa meza. "Umemwambia nini?"

"Mimi sikuwa huko. Nimemwambia atauliza mwalimu." Nyambeki akainua mkungu mmoja, akautazama, akamsukumia Dorine kifuani. "Yuko macho. Beba hii, twende."

Wauza nyanya waligeuza shingo walipopita. Njia ya nyuma ya soko ilikuwa nyembamba na yenye giza, na Dorine hakuwahi kuingia huko hata mchana. Alijitwika mkungu kichwani, akamfuata Nyambeki, na hakujua bado atamjibu mtoto nini.